Nusu Kidonge

Walitaka niseme kidole kiliteleza.

Mwenyekiti wa Bodi alilirudia hilo mara tatu kabla ya chai ya saa nne, kwa upole, kama mtu anayemsogezea mgeni kiti. Kidole kiliteleza, Atuganile. Nne ikatangulia, moja ikafuata, kumi na nne ikawa arobaini na moja. Nani hajawahi kukosea kuandika namba? Fomu ilikuwa mezani, kalamu imelazwa juu yake, na mahali pa sahihi palikuwa pamewekewa alama kwa penseli nisije nikapotea. Nitie sahihi, niombe radhi, nirudi kazini Jumatatu.

Niliitazama alama ile muda mrefu. Nilikuwa namfikiria Tumpe akikamua ng'ombe.

*

Waliingia kliniki mwezi Machi chini ya mwavuli mmoja, na mvua ya Tukuyu haina huruma na mwavuli mmoja. Mbele alikuwa Mwalimu Subilaga, aliyenifundisha darasa la nne na ambaye mpaka leo nikimwona naangalia kama kucha zangu ni safi. Nyuma yake, ameshikwa mkono kama mtoto, alikuwa wifi yake, Tumpe, dada wa marehemu mumewe. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, kanga imegeuzwa ndani nje, macho yamekaa sakafuni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja wote wawili. Mimi silali. Huyu haamki."

Ndivyo alivyoueleza ugonjwa, na katika miaka sita ya kazi sijasikia daktari aliyeueleza vizuri zaidi. Mwalimu alikuwa akikesha na kulia jikoni tangu amzike mumewe. Tumpe alikuwa ameacha kukamua, ameacha kanisa, ameacha kuoga, amegeukia ukuta. Ng'ombe wake wanne walikuwa wakikamuliwa na majirani kwa zamu.

Mimi ni mpimaji wa Kliniki ya Lulinda. Kazi yangu ni kumvika mgonjwa kofia ya nyaya, kumtoboa kidole tone moja la damu, kumsomesha ukurasa mmoja kwa sauti, kisha kuchukua kumbukumbu ya usingizi wake wa siku kumi kutoka kwenye bangili tuliyomtumia nyumbani. Vyote vinaingia kwenye mashine tunayoiita Mizani. Baada ya dakika nne inatoka namba: katika watu mia wanaofanana na wewe, ni wangapi watakaoinuliwa na kidonge cha njano cha sonona ndani ya wiki nane. Thelathini na tano kwenda juu, unapewa chupa yako. Chini ya hapo unapewa karatasi ya foleni ya maongezi na mtaalamu Mbeya. Foleni hiyo, mwezi ule, ilikuwa ya miezi kumi na moja.

Na niseme ukweli: nilikuwa naiamini. Baba yangu aliugua ugonjwa huohuo kabla Mizani haijaja. Walimpa dawa ya kwanza wakasema tusubiri wiki nane. Haikumfaa. Ya pili, wiki nane nyingine, ikamvimbisha miguu tu. Katika wiki ya tano ya dawa ya tatu alitoka asubuhi kwenda kubadilisha ng'ombe malisho, na tulimpata jioni. Kubahatisha ndiko kulikomuua baba. Kwa hiyo mtu akiniambia mashine haiwezi kuujua moyo wa binadamu, huwa namjibu kwamba na daktari naye hakuujua, ila yeye alichukua miezi mitano kukosea.

Mwalimu alisoma ukurasa wake kama yuko mbele ya darasa, akasimama kwenye kila nukta. Tumpe alifika katikati, akaacha.

"Endelea kidogo, dada," nikamwambia.

"Maneno mazito," akasema, akafumba macho.

Mizani ikatoa namba. Mwalimu Subilaga, sabini na moja. Tumpe, kumi na nne.

Tumpe alizitazama zile karatasi mbili, yake na ya wifi yake. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu waingie, akazungumza bila kuulizwa.

"Wifi, hata ugonjwa umenishinda."

Mwalimu hakucheka. Alivaa miwani. "Kumi na nne maana yake nini, mwanangu?"

"Kwamba katika watu mia kama yeye, dawa itawasaidia kumi na wanne."

"Kumbe wapo."

"Wapo, mwalimu. Ila hatuwajui ni akina nani."

"Na mtawajuaje, kama hamuwapi?"

Nilimjibu nilivyofundishwa: kwamba dawa ni haba, kwamba kumpa mtu dawa isiyomfaa ni kumpa kichefuchefu na tumaini la uongo. Alinisikiliza kwa heshima ileile aliyokuwa akinisikiliza nayo nilipokuwa nakariri jedwali vibaya. Kisha akafungua chupa yake, akatoa kidonge kimoja, akakiweka kiganjani. Cha njano, bapa, na mstari umepita katikati.

"Huu mstari ni wa nini?"

"Wa kukatia. Daktari akitaka kupunguza dozi."

"Aa," akasema.

Hiyo "aa" ningepaswa kuijua. Ndiyo aliyokuwa akiitoa darasani akishaamua jambo.

*

Wiki nane baadaye alirudi peke yake. Dodoso letu lina maswali tisa, na kadiri alama zinavyopungua ndivyo mtu anavyopata nafuu. Machi alikuwa na kumi na tisa. Mei alikuwa na kumi na tano. Ili Mizani imhesabu kuwa ameitikia, ilibidi ashuke hadi tisa. Skrini ikaandika neno moja jekundu: HAJAITIKIA. Kanuni yake inajulikana. Chupa inasimamishwa, anapewa mwingine. Dakta Kyejo, mkuu wa kliniki, husaini karatasi hizo kila Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Mtu wa sabini na moja kushindwa kabisa hutokea, ila si mara nyingi. Nikapima kiwango cha dawa kwenye damu yake. Nusu. Nikadhani anaruka siku. Lakini chupa zetu zina kifuniko kinachoandika kila kinapofunguliwa, na chupa ya mwalimu ilikuwa imefunguliwa kila alfajiri, saa kumi na moja na nusu, siku hamsini na sita bila kukosa hata moja.

Mtu anafungua chupa kila siku, na damuni ipo nusu. Nilikaa na hesabu hiyo usiku wa kuamkia Jumatano kana kwamba ni ngumu.

Mchana nikapanda kwao.

Uani nilikutana na mwanamke amebeba ndoo ya maziwa, mikono ya blauzi imekunjwa hadi kwenye viwiko, povu linamwagikia miguuni. Sikumtambua mpaka alipofungua mdomo.

"Ee, mpimaji! Leo umekuja kupima maziwa? Usiyakatae basi, haya yamepata tisini na tisa."

Ilikuwa Tumpe.

Nilisimama pale kwenye tope nikiwa na mkoba wangu. Alinipita akicheka, akaita ndani: "Wifi! Serikali imefika, ficha wembe!"

Ulikuwa utani, na haukuwa utani. Juu ya kabati, kando ya picha ya marehemu, palikuwa na sahani mbili ndogo za vikombe, na wembe umefungwa kwenye kitambaa cheupe kama kitu cha altareni. Mwalimu Subilaga alikuwa anamenya ndizi. Hakuinuka, na hakujifanya.

"Kila alfajiri," akasema. "Nakata mimi, anachagua yeye. Tunasali, tunameza."

"Anachagua yeye?"

"Mwenye wembe hachagui. Vipande haviwi sawa kabisa. Ndivyo tunavyogawana hapa chochote, mwanangu, nyama, kiwanja, hata urithi. Wewe ni wa hapa, unajua."

Nilijua. Mama alitulea hivyohivyo na dada yangu: mmoja anakata, mwingine anachagua.

"Mwalimu, kugawa dawa ya Mizani ni kosa. Wakijua wanafunga kadi ya matibabu ya kaya nzima miaka mitatu."

"Najua. Ndiyo maana pazia limeshushwa."

"Na dozi yako ilikuwa inakutosha wewe. Ungekuwa umepona sasa hivi."

Akaweka kisu chini. "Nilipofiwa, huyu alilala mlangoni kwangu miezi mitatu ili nisitoke peke yangu usiku. Kaka yake ndiye aliyekuwa amekufa, na yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza mimi. Halafu mnanipa chupa, yeye mnampa karatasi. Ningemezaje mbele yake, Atuganile? Niambie wewe uliyesoma. Ningeanzia wapi?"

Tumpe alikuwa ameingia na vikombe vya chai ya maziwa. Nilimwomba nimsomee yale maswali tisa palepale mezani, bila kofia wala bangili. Machi alikuwa na alama ishirini na mbili. Sasa alikuwa na tisa.

Nusu ya kidonge ilimtosha yule tuliyemkataa, na nusu ya pili haikumtosha yule tuliyemchagua. Nikawaambia kuhusu Ijumaa, kwamba karatasi ikisainiwa chupa inasimama. Mwalimu akauliza maswali ya maana, tarehe, saa, nani wa kumwona. Tumpe hakuuliza kitu. Aliweka kikombe chake chini, na polepole kabisa, kama mlango unaofungwa na upepo mdogo, uso wake ukageuka kuelekea ukutani.

"Basi," akasema kwa sauti ya Machi. "Ilikuwa nzuri."

*

Alhamisi nilifungua friji la sampuli. Huwa tunatunza damu ya kila aliyeandikiwa HAJAITIKIA kwa mwaka mzima, na hakuna anayeigusa. Niliigusa. Vichupa themanini na vinane. Nilivipima vyote mpaka jioni, na nilipofika cha mwisho mikono ilikuwa inanuka glavu. Thelathini na saba vilikuwa na nusu. Si robo, si theluthi. Nusu, kama iliyopimwa kwa wembe.

Mizani hujifunza. Hilo ndilo tuliloambiwa siku iliposimikwa, na tulipiga makofi. Kila mgonjwa akimaliza wiki nane, matokeo yake yanarudi ndani, nayo inasahihisha makisio ya watakaofuata. Kwa hiyo kila kidonge kilichogawiwa nyuma ya pazia kilirudi kwenye Mizani kama kushindwa. Ilijifunza kwamba watu wanaolala kama sisi, wanaosoma kwa sauti kama yetu, dawa haiwafai sana. Miaka mitatu iliyopita wastani wa namba zetu ulikuwa hamsini na mbili. Mwaka huu, arobaini. Kadiri inavyokataa wengi, ndivyo wengi wanavyogawana. Kadiri wanavyogawana, ndivyo inavyokataa.

Na iliowakataa haiwajui kabisa. Hawapewi dawa, kwa hiyo hawana matokeo, kwa hiyo hakuna siku Mizani itakayoambiwa: yule wa kumi na nne alikuwa anakamua ng'ombe na kunitania. Ni kama mwalimu anayesahihisha madaftari ya waliofaulu tu, kisha anajisifu hakuna aliyefeli.

Nilibandua majina kwenye vichupa vyote thelathini na saba kabla ya kwenda ofisini kwa Dakta Kyejo. Nilimweleza hesabu, sikumweleza watu. Alinisikiliza akiwa amevua viatu chini ya meza, kama kawaida yake, anadhani hatujui.

"Kumi na nne si sifuri, Atu," akasema. "Huyo unayemficha hajaikosesha Mizani. Ilisema wataitikia kumi na wanne. Ni mmoja wao."

"Ndiyo, dakta. Mizani haijakosea. Sisi ndio tulioichorea mstari."

"Tuliuchora kwa sababu dawa ya mwaka ni ya watu mia nne. Ukimpa wa kumi na nne, unamnyima wa sabini. Hesabu hiyo wewe unaipenda kuliko mimi, ulinihubiria mwenyewe siku ya kwanza ya kazi."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma.

"Niripoti, basi?"

"Ukiripoti kugawana, Mizani itasahihishwa. Na kaya thelathini na saba zitafungiwa, maana kwanza watataka majina. Usiporipoti, mwakani wastani utakuwa thelathini na tano na tutawakataa nusu ya wilaya." Akatafuta viatu kwa vidole vya miguu. "Mimi nastaafu Desemba, mama. Hilo ni la umri wako."

*

Ijumaa niliwahi kazini kabla ya Dakta Kyejo.

La Mwalimu Subilaga lilikuwa jepesi. Niliandika kwamba kiwango cha dawa damuni kiko chini, matokeo yabatilishwe, aanze upya wiki nane. Ilikuwa kweli tupu. Fomu haikuuliza sababu, na mimi sikuitaja.

La Tumpe halikuwa na mlango wa kweli. Nilifungua faili lake, nikafuta kumi na nne. Nikaandika nne. Nikaandika moja. Kisha nikaondoa mkono kwenye kibodi, nikauweka mapajani, nikakaa hivyo dakika nzima nikiitazama saa ya ukutani, ili asije mtu baadaye, hata mimi mwenyewe, akasema ilikuwa haraka. Nikabonyeza THIBITISHA.

Chupa zilizobaki za mwezi ule zilikuwa sita, na walioidhinishwa walikuwa sita. Tumpe akawa wa saba. Aliyesukumwa mwezi uliofuata aliitwa Ambakisye, fundi viatu wa karibu na stendi, namba yake thelathini na sita. Ningeweza kuiacha Mizani imtumie ujumbe. Nilikwenda mwenyewe. Nilimwambia kwamba chupa yake nimempa mtu mwingine, mimi, kwa mkono wangu, na kwamba yake itafika baada ya wiki tano.

"Kwa nini mimi?" akauliza. Alikuwa ameshika kiatu cha mtu, sindano imekwama katikati ya soli.

"Kwa sababu ulikuwa wa mwisho kwenye orodha."

"Kwa hiyo na mimi ungeweza kunigeuzia namba. Hukunigeuzia."

"Sikukugeuzia. Naomba unisamehe, kaka."

Alinitukana, matusi ya stendi, na nilisimama nikayapokea yote kwa sababu yalikuwa ya kwangu. Nilipita pale kila siku kwa wiki tano. Siku nyingine alinijibu salamu. Siku nyingine alinionyesha mgongo. Chupa yake ilipofika nilimpelekea kwa miguu, akaipokea bila kuniangalia. Na mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki ya kumpa deni lile la siku thelathini na tano. Najua tu kwamba alizibeba yeye, si mimi.

*

Wakaguzi waliiona namba ile mwezi Septemba. Ndiyo maana nilikuwa nimekaa mbele ya watu watano na sahani ya maandazi.

Niliwaambia kuhusu vichupa themanini na vinane. Niliwaambia thelathini na saba. Walipotaka majina, nikasema majina nimeyabandua na sina. Bwana Sanga, mjumbe wa sheria, akaandika kitu kirefu.

"Turudi kwenye faili moja," Mwenyekiti akasema. "Binti, sisi si maadui zako. Huyu mgonjwa wa kumi na nne anaendeleaje?"

"Alama nne, mheshimiwa. Anauza maziwa lita kumi na nane kwa siku. Wifi yake, kwa dozi kamili, ana saba."

"Tunashukuru Mungu. Basi tusiharibu. Sema ni kosa la uandishi. Kila mtu ataenda nyumbani."

"Likiwa ni kosa la uandishi, faili linafanywaje?"

Akamtazama Bwana Sanga, naye akajibu bila kuinua kichwa. "Linafutwa. Kumbukumbu isiyo sahihi haiwezi kubaki ndani ya Mizani."

"Na chupa yake?"

"Inasimamishwa. Alipewa kimakosa."

"Na kama si kosa? Kama mpimaji alikusudia?"

Kalamu ya Bwana Sanga ilisimama. Alijua kwamba nakijua kifungu cha tisa cha kanuni za Mizani. Nilikuwa nimekisoma mpaka karatasi imelegea: mgonjwa aliyetibiwa chini ya mstari kwa makusudi ataendelea na dawa mwaka mzima chini ya uangalizi, na matokeo yake yataingizwa kwenye Mizani pamoja na namba yake ya kwanza. Mpimaji aliyefanya hivyo atanyang'anywa leseni.

Yaani, kwa mara ya kwanza tangu isimikwe, Mizani ingeambiwa juu ya mtu mmoja wa chini ya mstari. Kumi na nne, akapona. Ni mmoja tu, na mmoja hasahihishi wastani wa wilaya. Lakini atakuwemo, na siku mtu mwenye cheo kikubwa kuliko changu akiuliza kama wapo wengine, hawataweza kumwambia hakuna hata mmoja.

"Unajua unachopoteza?" Mwenyekiti akaniuliza. Upole ulikuwa umemwisha, na uso wake ulikuwa bora bila huo upole. Ulikuwa uso wa mtu.

"Najua."

"Miaka sita ya kazi. Hebu sema neno moja tu, Atuganile. Omba radhi kwa kuidanganya Mizani, hata kama ulikusudia. Tutakutetea."

Nilichukua ile kalamu, nikaipindua fomu yao, na upande wa nyuma uliokuwa mweupe nikaandika jina langu kamili, tarehe, na mstari mmoja: nilibadilisha namba hii nikijua, mkono wangu haukuteleza. Nikatia sahihi. Nikaisukuma katikati ya meza.

"Radhi niliomba kwa fundi viatu mmoja wa pale stendi," nikasema, "kwa sababu yeye nilimkosea. Ninyi sijawakosea. Kwenu siombi."